Michepuko na njia kuu: kupanga safari ya vijana kwa gari kutoka Tanga

Kikao cha kwanza cha safari ya vijana huwa kile kile kila mwaka. Mmoja anataka Mapango ya Amboni. Mwingine kaona picha ya Maziwe kwenye simu ya binamu yake. Wa tatu ana shangazi Lushoto, na shangazi kasema asiyesimama juu ya mwamba wa Irente hajafika Usambara. Kikao kikiisha ubao umejaa, na safari ya siku sita imegeuka ya siku kumi na mbili, kwa mchango ule ule wa siku sita.

Vituo hivi vya pembeni mimi naviita michepuko. Vijana hucheka, maana wote wanalijua lile tangazo la "michepuko si dili, baki njia kuu". Kwenye safari mchepuko ni dili, sharti uwe umepangwa kabla gari halijawashwa. Ukizaliwa barabarani, kwa kelele za siti ya nyuma, utaulipia jioni.

Ninachoeleza hapa ni kwa kikundi cha vijana 25 hivi, wakubwa watatu (mmoja wao lazima awe mwanamke kama kuna wasichana), Kosta moja, kuanzia Tanga mjini. Njia kuu ni milima ya Usambara: msitu wa Amani kwanza, mji wa Lushoto baadaye.

Hatua ya 1: Hesabu saa za mwanga, kilomita ziache

Jua letu huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Sheria yangu ya kwanza ni kwamba saa kumi na moja jioni gari liwe limeshaegeshwa tunapolala. Si saa kumi na mbili. Ile saa moja ni ya pancha, ya kijana aliyetapika, ya mlango wa hosteli ambao mwenye ufunguo kaenda msibani.

Sasa angalia jinsi kilomita zinavyodanganya. Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 35 za lami, dakika hamsini. Muheza hadi Amani nako ni kama kilomita 35, lakini ni udongo, mlima na kona, na Kosta iliyojaa itachukua saa mbili. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hapo usiweke ahadi kabisa. Ule udongo mwekundu ukilowa, tairi zinacheza kama mtu aliyekanyaga ganda la embe.

Upande wa Lushoto, Tanga hadi Segera ni kilomita 70 na kitu, Segera hadi Mombo kama 60, kisha unaacha barabara kuu na kupanda kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Hizo 33 zipe saa moja na nusu. Na kwenye barabara kuu usipige hesabu kwa mwendo wa gari dogo: sheria inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na gari linalozidi kilo 3,500, Kosta ikiwemo, lisipite 80. Vijiji ni vingi, na trafiki mwenye tochi hana urafiki na ratiba yako.

Haya nimejifunza kwa kuumia. Safari moja tulikuwa tunalala Lushoto, na asubuhi hiyo nikakubali "tupitie tu" magofu ya Tongoni. Tongoni iko kusini, barabara ya Pangani, Lushoto iko kwingine kabisa. Tukaenda, tukarudi mjini, tukanunua maji, mtu akasahau chaja nyumbani tukaifuata. Tulianza kupanda kutoka Mombo jua linazama. Soni tulikuta ukungu, taa za gari zinamulika maziwa matupu. Dereva, mzee wa watu, hakusema neno hadi tuliposhuka. Ndipo akaniambia, "Mwalimu, siku nyingine ukitaka kuniua niambie mapema niage nyumbani." Sikuwa na la kujibu.

Hatua ya 2: Kila mchepuko uulize maswali matatu

Uko upande gani wa njia yetu? Unategemea nini: maji ya bahari, mvua, mwanga, mwongozaji? Na tukiufuta siku yenyewe, nani ataumia? Mchepuko usio na majibu haya unafutwa kwenye ubao, hata kama aliyeuleta ni mtoto wa mwenyekiti.

Amboni uko kama kilomita nane kaskazini mwa mji, barabara ya Horohoro. Hauko njiani kwenda Amani wala Lushoto, kwa hiyo usiuchanganye na siku ya kupanda mlima. Uweke siku ya kwanza, wakati bado mnalala mjini. Ni mapango ya mawe ya chokaa, ndani ni giza tupu na popo, na mahali pengine mtu mzima anainama hadi magoti. Usiingize vijana 25 kwa mkupuo. Wagawe makundi mawili, moja ndani na mwongozaji, moja nje na maji na maandazi. Tochi moja kwa kila watu wawili, ya kweli, si ya simu, kwa sababu simu ikianguka mle umeipoteza na mwanga pamoja. Viatu vya kufunika, ndala zibaki garini. Mwenye pumu aulizwe kabla, pembeni, si mbele ya wenzake. Mwongozaji atawasimulia habari za Osale Otango aliyejificha mapangoni enzi za mkoloni, na wazee watadai kuna njia ya chini kwa chini hadi Mombasa. Ya pili sikuhimizi uiamini, ila vijana wanaipenda, na njia nzima ya kurudi wanabishana.

Tongoni na Pangani ni siku moja, na ni siku ya peke yake. Tongoni, chini ya kilomita 20 kutoka mjini, ina magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Ni eneo hilo la pwani ambako Vasco da Gama aliichoma moja ya merikebu zake, São Rafael, mwaka 1499, baada ya mabaharia wake kupungua kwa maradhi. Saa moja inatosha, na iwe asubuhi, kivuli ni haba. Kisha mnaendelea hadi Pangani, jumla kama kilomita 50 kutoka Tanga. Ujenzi wa lami na wa daraja la Mto Pangani umebadilisha sana barabara hii, kwa hiyo usitumie ratiba ya miaka mitano iliyopita. Mpigie simu mtu anayeishi Pangani, umuulize jana alipita wapi na kwa muda gani.

Maziwe ndio mchepuko unaotaka akili zaidi, na ndio ambao vijana wanautaka zaidi. Ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, hifadhi, mkabala na pwani ya Ushongo. Maji yakijaa linamezwa karibu lote. Kwa hiyo siku ya Maziwe huchagui wewe, unachagua mwezi ulioko juu. Tazama kalenda ya mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndipo panapokuwa na bamvua, na kwenye pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, yakajaa karibu na saa kumi jioni. Hapo umepata: mnaondoka na boti saa mbili na nusu, mnakaa fungu likiwa kavu, mnarudi kabla maji hayajapanda. Kila siku inayofuata majira ya maji yanasogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Wiki moja baada ya bamvua, maji mafu, kupwa kunaangukia alfajiri na jioni, nako si kukubwa. Wiki hiyo Maziwe iache.

Halafu kuna upepo. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, na kwa bahati mbaya likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia humo, bahari huchafuka. Nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze na usimwongezee pesa. Vijana wavae maboya wakiwa bado ufukweni, kila mmoja, pamoja na yule anayejua kuogelea na anayewatangazia watu kwamba anajua kuogelea. Boti ambayo maboya yake hayatoshi idadi yenu si boti yenu.

Soni na Irente ni michepuko rahisi. Maporomoko ya Soni yako njiani Mombo–Lushoto, mnasimama nusu saa, mnanyoosha miguu, wenye kichefuchefu wanapata rangi. Irente ni kilomita chache kutoka Lushoto mjini, mnaweza kutembea kwa miguu kwenda na kurudi. Pale mwambani hakuna wa kukushika, kwa hiyo kupiga picha ni watu watatu watatu, mkubwa mmoja akiwa kati yao na ukingo.

Kwa safari ya siku sita mimi nafanya hivi: siku ya kwanza Amboni asubuhi, jioni kukagua mizigo. Ya pili kwenda Amani. Ya tatu kutembea msituni. Ya nne Amani hadi Lushoto. Ya tano Irente na soko la Lushoto. Ya sita kurudi. Pangani na Maziwe nimezitoa, zina Jumamosi yao mwezi mwingine, na aliyekasirika huwa wa kwanza kujiandikisha.

Hatua ya 3: Gari na mwenye kulishika

Mwenye gari utampata kwa kuulizia, stendi ya Kange au kwa mtu aliyewahi kukodi. Kabla ya bei, ona gari lenyewe, mchana, likiwa limesimama na likiwa linakwenda. Tairi zote za chini na la akiba, uziguse kwa mkono. Jeki na spana za magurudumu, zitolewe uzione. Mikanda ya siti, ivutwe mmoja mmoja. Muombe dereva apande nalo kilima chochote na kushuka kwa gia. Mlima wa Lushoto ni wa gia, na anayeshuka toka Soni kwa breki tupu, Mombo utafika unanusa moshi.

Gari linalobeba abiria kwa malipo linatakiwa kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na daladala la ruti ya mjini haliwezi tu kuamka asubuhi likaenda Lushoto. Kibali cha safari ya kukodi, bima na stika za gari, leseni ya dereva ya daraja C inayolingana na idadi ya siti: zipige picha zote, zibaki kwenye simu yako na ya mwenzako.

Mkataba uandikwe, hata karatasi moja ya daftari, na uwe na namba ya gari. Namba ya gari nasisitiza kwa sababu mwaka mmoja tulilipia Kosta ya siti 29, na alfajiri ikaja nyingine, "mdogo wake" kwa maneno ya konda, siti 25, na ndoo nne za kukalia kwenye njia. Nusu ya pesa tulikuwa tumeshatoa. Tuligoma, tukachelewa saa tatu, gari lililoandikwa likapatikana. Kumbe lilikuwa limepelekwa harusini.

Humo mkatabani weka ruti nzima pamoja na michepuko. Dereva aliyepatana bei ya Lushoto hana deni la kukupeleka Amani, na barabara ya Amani si ya kumshtukizia mtu. Weka mafuta ni ya nani, gari likiharibika nani analeta jingine na ndani ya saa ngapi, dereva analala wapi. Hili la mwisho wengi wanalipuuza. Dereva apewe chumba chake, mbali na vijana, kwa sababu vijana safarini hawalali. Ale tunapokula, posho yake apewe kila siku, si mwisho. Malipo ya gari nusu mwanzo, robo katikati, robo tukisharudi na mizigo imeshushwa.

Na umshirikishe. Kabla sijaandika ratiba ya mwisho namkalisha dereva na kahawa na kashata, namwambia, "Mzee, hii ndiyo njia yangu, nikosoe." Mara zote ananikosoa.

Hatua ya 4: Pesa

Gawanya bajeti mafungu matatu yasiyogusana: gari, kulala na kula, viingilio. La nne ni la dharura, sehemu ya kumi ya jumla, linashikwa na mtu asiye kiongozi wa safari. Mafuta: Kosta nilizozizoea hula lita moja kwa kilomita tano hadi sita kwenye lami, na milimani hula zaidi. Jumlisha kilomita zote na michepuko, ongeza robo.

Viingilio vya vivutio vya serikali na hifadhi hulipwa kwa control namba. Iombeni mapema, mlipie mjini, mchapishe risiti. Amani mtandao unakuja na kwenda kama paka wa jirani, na kiongozi anayezunguka na simu juu ya kilima akitafuta baa mbili huku vijana 25 wanamngoja getini ni picha ya aibu. Kila mtu abebe kitambulisho, wanafunzi cha shule, maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa. Kama kundi lina wageni kutoka nje, waambieni bei yao kabla, wasije kudhani ni nyinyi mmewaongezea.

Hatua ya 5: Wazazi na afya

Fomu ya ridhaa iwe ya ukurasa mmoja na iitaje michepuko kwa majina. Mzazi aliyesaini "ziara ya Lushoto" hajasaini boti. Kama ni wanafunzi, barua ya mkuu wa shule na kibali cha afisa elimu vianze kufuatiliwa wiki nyingi kabla. Fomu iulize pumu, selimundu (sikoseli), kifafa, mzio na dawa anazotumia. Selimundu na baridi haviendani, na Lushoto, kama mita 1,400 juu ya bahari, mwezi wa Juni na Julai ni baridi ambayo mtoto wa Ngamiani hajawahi kuiona. Sweta mbili. Atakayeleta fulana za mpira tu, mrudishe nyumbani jioni ya ukaguzi, nyumbani kwao bado ni karibu.

Hatua ya 6: Ndani ya gari

Mpange kila kijana na mwenzake wa siti, na hao wawili wanajibu pamoja. Kila mkishuka na kupanda mnahesabu mara mbili, watu wawili tofauti, mmoja toka mbele, mmoja toka nyuma. Hesabu zisipolingana gari halitoki. Kwenye kuchimba dawa simameni penye choo, kituo cha mafuta au mgahawa, kila saa mbili. Zile mila za "wanaume kulia, wanawake kushoto" vichakani muwaachie mabasi.

Wanaotapika kwenye kona wakae mbele, wasisome simu, wapewe ndimu ya kunusa na tangawizi. Asubuhi ya kupanda mlima watu wale kidogo: chapati na chai, si supu ya utumbo. Mizigo ya keria ifunikwe turubai hata kama jua linawaka.

Ratiba iachie nafasi ibada. Siku ya Ijumaa napanga tuwe Muheza au Korogwe mchana, waendao msikitini waende, wengine wale. Jumapili hivyo hivyo kwa waendao kanisani. Ramadhani sipangi safari hii kabisa.

Jambo dogo ninalolipenda: kila kijana anapewa kituo kimoja, anasoma kabla, anakishika kipaza sauti dakika tano tunapopita. Mashamba ya mkonge kati ya Tanga na Segera yana mtu wake, anasimulia jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoleta miche mwaka 1893, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Amani ina mtu wake: kituo cha utafiti cha Wajerumani cha mwaka 1902, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na lile ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima inalifuga kwenye vikopo vya dirishani na asili yake ni hapa hapa Usambara. Kijana aliyekuwa mkorofi kuliko wote nilimpa Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa Pangani mwaka 1889. Alizungumza dakika ishirini, tukamnyang'anya kipaza sauti kwa nguvu.

Hatua ya 7: Nani mwenye neno la mwisho

Mtu mmoja tu ana haki ya kufuta mchepuko, naye atajwe mbele ya wote kabla ya safari. Asipigiwe kura. Mwekeeni saa ya kukata: kwa mfano siku ya nne, tukiwa hatujafika Mombo saa tisa alasiri, hatusimami Soni. Tukiwa hatujafika saa tisa na nusu, tunalala Mombo au tunarudi Korogwe, na simu kwa wenye nyumba Lushoto inapigwa pale pale. Pesa za usiku huo zitoke kwenye fungu la dharura. Kwa hesabu ya kawaida, ukitoka Amani saa moja asubuhi na kula mchana Korogwe, Lushoto unafika kabla ya saa kumi, kwa hiyo saa za kukata si za kuogopesha.

Ripoti kwa wazazi iwe moja kwa siku, jioni, kwenye kundi la simu, na mtumaji awe mmoja. Namba ya dharura ni 112. Iandikwe kwa kalamu nyuma ya kitambulisho cha kila kijana, pamoja na namba ya kiongozi, kwa sababu simu huisha chaji.

Siku ya kurudi ni hatari kuliko ya kwenda, kwa vile kila mtu keshafika nyumbani kichwani. Tokeni Lushoto mapema, dereva awe amelala, na mteremko wa Soni mkubwa mmoja akae mbele akiongea naye. Machungwa nunueni Muheza, si kabla, gari lisijae. Wazazi waambieni muda wa saa moja baada ya ule mnaotarajia kufika, wakutane nanyi mahali pamoja penye taa, na kila kijana akabidhiwe kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Mara ya mwisho, wa mwisho kuondoka alikuwa binti mmoja aliyefuatwa na kaka asiyekuwa kwenye fomu. Tulikaa naye kwenye ngazi za kituo tukila machungwa yake, hadi bibi yake akaja na bodaboda, akatugombeza sote, akachukua mjukuu na machungwa yaliyobaki.